Mnaishije na wagonjwa ambao hamkujua mwisho wao? Swali kwa waliofanya kazi kwenye ambulensi

nesi_wa_barabarani

Wakuu habari za usiku. Naomba niulize hili jambo maana nimelibeba peke yangu muda mrefu na nyumbani sina wa kumwambia, mama yangu nikianza tu anasema usiniletee habari za damu mezani.

Mi ni muuguzi, nina miaka 28, kituo chetu sitakitaja. Tuko kando ya barabara kuu na huu ni mwaka wa tatu mimi ndo napandishwa kwenye ambulensi karibu kila rufaa ya usiku. Kwetu hakuna mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu kama nchi zingine, ni nesi aliye zamu na dereva basi. Mama akipata shida ya uzazi tunaenda, basi likipinduka tunaenda, mtoto kameza sarafu tunaenda. Hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya uhakika iko zaidi ya kilomita 100 na hapo katikati barabara inakatiza hifadhi.

Mwezi wa tatu mwaka huu, saa 8 usiku. Mama wa uzazi wa nne, kajifungua vizuri tu, kondo limetoka lote, dakika chache baadae damu ikaanza na haisimami. Nimechoma oksitosini, ile dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, nimeweka dripu mbili, nimesugua tumbo, mfuko wa uzazi haukazi kabisa uko laini kama unga uliolowa. Tukampakia. Mle ndani ya gari ikabidi nifanye kile tulichofundishwa chuoni nikaomba Mungu nisije kukihitaji, mkono mmoja ngumi ndani, mkono mwingine juu ya tumbo, unaubana mfuko wa uzazi katikati na huachii. Njia nzima. Bibi wa mtoto kakaa mbele pembeni ya dereva, kampakata mtoto kwenye kanga. Tulivyoingia hifadhini tukakuta tembo wanavuka. Kaka dereva akazima king'ora akapunguza taa tukasimama. Niliwahesabu kupitia kile kidirisha cha mbele, walikuwa 7, wa mwisho mdogo kabisa, na yeye ndo alichelewesha, alisimama katikati ya lami ananusa mchirizi wa sijui nini. Na mimi nahisi damu ya moto inapita kwenye vidole. Yule mama alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu, "nesi, mtoto kanyonya?" Nikamwambia kanyonya. Hakuwa amenyonya.

Tulifika bado anapumua, mapigo ya mkononi siyapati nayasikia shingoni tu. Wakampokea, wakasaini fomu, wakasema chukueni machela yenu. Tukaosha gari kwa ndoo pale bombani, tukageuza. Asubuhi nilikuwa kliniki ya chanjo nachoma watoto.

Sasa swali langu ndo hili. Sijui kama alipona. Siku ya pili nilipiga simu nikaulizwa wewe ni ndugu yake? Nikasema hapana, mi ndo niliyemleta. Wakasema taarifa ni za ndugu tu, na siwalaumu, siri ya mgonjwa ni siri. Lakini yani nimemshika mtu roho yake mkononi saa moja na zaidi alafu sina haki ya kujua yuko hai au la. Na sio yeye tu. Kuna kondakta wa basi aliyenishika kitambulisho changu shingoni mpaka kamba ikakatika. Kuna mtoto wa miaka kama 6 wa nyumba iliyoungua. Wote nimewaacha mlangoni. Damu nimeizoea, usingizi wa mang'amung'amu nimeuzoea, hiki kitu cha kutokujua ndo sikizoei, wamekaa kichwani kama abiria waliokaa stendi na basi haliji.

Sasa nimeambiwa naweza kuhamia kliniki ya mama na mtoto moja kwa moja, nitoke kwenye rufaa. Nikifikiria nafurahi, nikifikiria tena naona kama nawakimbia. Mliopita huku, hii hali inaisha? Na nyie mlifanyaje?

Mzee wa Usukani

Mdogo wangu pole sana. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa, mwaka wa 19 huu, na niliposoma hapo kwa wale tembo niliiacha chai ikapoa.

Watu wanadhani sisi madereva haituhusu kwa kuwa hatushiki mgonjwa. Tunasikia. Kuna kile kioo cha katikati, wengi wetu tunakigeuza juu makusudi tusione nyuma. Mtu akipiga kelele kule nyuma mimi nashukuru, najua bado yupo. Kikija kimya ndo mguu unakanyaga mafuta wenyewe na hapo ndo unaweza kuua wote mliomo, kwa hiyo mimi nikiona kimya nasema kwa sauti "nesi niambie neno", aniambie hata kaa kimya, basi moyo unarudi.

Tarehe 10 Agosti 2019 nilikuwa Msamvu, Morogoro. Wengi mnajua, lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Waliokufa palepale na waliofia hospitali baadae walipita 100. Mimi nilizunguka na gari toka asubuhi ile mpaka giza, na wengine walipohamishiwa Muhimbili nikapiga safari nyingine. Kuna kijana aliniambia baba fungua dirisha nasikia joto. Madirisha yote yalikuwa wazi. Mpaka leo nikifika sheli nashuka nasimama mbali upande unakotoka upepo, vijana wa pampu wamenizoea hawaniulizi.

Kuhusu kujua mwisho wao, nikwambie ukweli, usipige simu mapokezi. Mtafute mlinzi wa geti la emajensi na yule mama wa usafi wa wodi. Uwasalimie vizuri kila unapopeleka mgonjwa, ukipita na ndizi au muhogo wa njiani uwape. Mlinzi anajua nani katoka kwa miguu yake na nani katokea mlango wa nyuma. Hakupi ugonjwa wa mtu wala siri yake, anakwambia tu "yule wa juzi katoka, kapanda bajaji". Neno hilo moja linatosha kulala.

jembe_la_mkono

Dada kazi ya uuguzi ni wito. Ulikula kiapo. Florence Nightingale alitembea na taa kati ya majeruhi wa vita hakuuliza ataumia vipi. Jipe moyo, sali sana, Mungu atakulipa. Ukihama nani atawashika hao wamama?

mke_wa_zamu

@jembe_la_mkono naomba nikujibu kwa heshima kabisa maana najua umeandika kwa nia njema. Hilo neno wito mimi linaniuma. Mume wangu amefanya kazi ya ambulensi miaka 11, kila alipodai posho ya masaa ya ziada aliambiwa ni wito, alipoomba wiki moja apumzike baada ya ajali ya watoto wa shule aliambiwa ni wito, mwisho na yeye mwenyewe akaanza kujiambia hivyohivyo. Na kweli anaipenda ile kazi, sijawahi kuona mtu anaamka saa 9 usiku bila kununa kama yeye. Kuipenda hakukumzuia kuumia.

Dada nesi nikueleze nilichokiona mimi niliye nyumbani maana nyie mkiwa ndani yake hamkioni. Kwanza aliacha kula nyama, sikusema kitu. Alafu akawa akirudi anaoshea viatu bombani nje, anaviosha nusu saa, brashi na sabuni, hata siku ambayo havina kitu. Alafu akawa hambebi mtoto. Mtoto anamkimbilia "baba baba" yeye anasema subiri nikaoge kwanza, akitoka kuoga anasema subiri nile, mtoto analala. Nilidhani ana mwanamke. Mnisamehe lakini ndo nilichodhani, nikakaa na hasira miezi 4 nzima, mpaka usiku mmoja nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda cha mtoto anahesabu, moja mbili tatu nne, anapiga goti lake kwa kiganja. Alikuwa anahesabu kama anakandamiza kifua. Mtoto wetu umri wake ni uleule wa mtoto mmoja aliyemfia njiani.

Hapo ndo tulianza kuongea. Hatukuongea damu, mimi pia siziwezi. Tuliwekeana kitu kidogo tu, akirudi ananiambia namba. Moja ni siku nyepesi, tano ni mbaya. Akisema tano simuulizi kitu, namwekea maji ya kuoga na watoto nawapeleka kwa jirani saa moja hivi, akisema mbili namtuma dukani kama kawaida. Mwambie mama yako namba. Ataielewa hiyo kuliko habari zenyewe.

jembe_la_mkono

Shemeji nimekuelewa na naomba radhi kwako na kwa dada nesi. Sikuwa nimefikiria upande huo.

EMT Bonde la Ufa

Poleni sana nyote, mimi ni mhudumu wa ambulensi huku Kenya, upande wa Nakuru. Mzee wa Usukani umenirudisha mbali sana. Huku kwetu tulikuwa na Sachangwan, Januari 31, 2009, stori ni ileile, lori la mafuta limeanguka, watu wakaja na mitungi, likawaka, zaidi ya mia moja wakaenda. Mimi nilikuwa kijana wa shule na tulitoka na majirani kubeba watu na blanketi, hatukujua hata mtu aliyeungua anabebwa aje. Hapo ndio niliamua nitafanya hii kazi. Kwa hivyo mimi sikatai wito, nilisikia wangu kwa masikio yangu.

Lakini wacha niwaambie kitu yenye huwa hatuambii watu. Kwa ajali kubwa, wa kwanza kufika hatibu mtu. Anagawa kadi. Nyekundu ni wa kubebwa sasa hivi, njano anaweza kungoja, kijani anatembea, nyeusi ni mwenye amekufa ama mwenye hutaweza kumsaidia na hiyo mikono mliyo nayo. Kuna usiku kwa hii barabara yetu ya malori tulikuwa wawili na gari moja, na watu 14 chini. Nilimwekea mzee mmoja kadi nyeusi na alikuwa ananiangalia. Alikuwa anapumua moja moja, zile pumzi za mwisho, najua kitabu inasema nini na nilifuata kitabu, na wale wanne wa nyekundu wote walifika hospitali wakiwa hai. Nikiulizwa leo nitafanya vilevile. Lakini alikuwa ananiangalia, na koti yake ilikuwa imefungwa vifungo vizuri sana mpaka juu, kama mtu ametoka kanisani.

Mimi nilikaa na huyo mzee miaka mbili. Nikaanza kukunywa, nikafukuzwa shifti mara mbili, bibi akarudi kwao. Mwenye aliniokoa ni mwenzangu wa gari, alinishika mkono kama mtoto tukaenda kwa kaunsela. Nilidhani ataniambia nisahau. Aliniambia nimweleze huyo mzee alivaa nini. Wiki sita tuliongea tu, mara moja kwa wiki. Sijamsahau lakini siku hizi akikuja anakuja na kuenda.

Na dadangu, mimi huandika. Nina kijitabu, sina majina humo, ni tarehe, mahali na kile nilifanya. "Nimefunga mguu, nimempa oksijeni, nimemshikilia kichwa kilomita 22." Mwisho wao siujui, lakini ile sehemu yangu naijua na imeandikwa. Ukisema hujui alipona ama hakupona, wewe andika tu hii, ulimbana tumbo ya uzazi saa nzima na alifika akipumua. Hakuna mtu anaweza kufuta hiyo.

mtu wa chumba namba 9

Sijawahi kuandika humu huwa nasoma tu. Mimi ni mmoja wa mliowabeba.

Mwaka 2016 nilipata ajali ya bodaboda usiku, mguu wa kulia ulikatika mifupa yote miwili ukawa umetoka nje, na kichwa kiligonga. Vitu vingi sikumbuki. Nakumbuka dari ya gari ilikuwa na taa moja inawaka na kuzima, na kuna mwanamke alikuwa amenishika taya kwa mikono miwili shingo isigeuke, nikitaka kulala ananiambia "nitajie ndugu zako kuanzia mkubwa". Nikataja. Tuko 8. Nilikuwa nikifika wa tano napotea, ananirudisha, anza tena. Sijui nilianza mara ngapi. Alikuwa anawataja na yeye, alishawakariri, nikikwama ananisaidia, "baada ya Zuhura nani?"

Nilikaa wodini miezi miwili na nusu. Nilipotoka kwa magongo nilimtafuta yule dada, sikujua jina wala kituo, niliambiwa magari yalileta majeruhi wengi usiku ule. Mpaka leo sijampata. Nimeoa, nina binti nimempa jina Zuhura. Kwa hiyo dada nesi unaposema hujui mwisho wao, na sisi huku hatujui nyie ni nani. Mimi nikiona ambulensi barabarani naangalia dirishani, kila mara, nikiamini naweza kuutambua ule uso ambao sikuuona vizuri hata siku ile.

afya_ya_akili_ni_afya

Nimekuwa nesi wa kliniki ya afya ya akili muda mrefu kidogo, nitaongea kwa ufupi tu maana wenzangu wamesema mengi ya maana.

Kuota tukio, kushtuka, kukosa hamu ya kula wiki mbili tatu baada ya kitu kizito, huo ni mwili unafanya kazi yake. Ikipita mwezi na bado unarudishwa palepale kama linatokea sasa, unakwepa njia au harufu au mtu, hulali, una hasira za ghafla au umekufa ganzi ndani hufurahii kitu, hapo usisubiri tena, tafuta msaada. Na tafadhali kwenda kliniki sio kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, watu wengi tunaowaona wanakuja na sare za kazi zao, wanaongea, wanarudi kazini. Viongozi wa vituo mnaosoma humu, msiwaweke watu kwenye duara siku ileile ya ajali mkawalazimisha kila mmoja asimulie alichokiona, Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri hivyo. Mpe mtu maji, chakula, mtu wa kukaa naye, muulize anahitaji nini, asiyetaka kuongea mwache.

Nesi, jambo lingine. Wewe sio mtu baki kwa yule mama. Wewe ndo uliyeandika rufaa. Fomu nyingi za rufaa zina kipande cha mrejesho ambacho wanaompokea mgonjwa wanatakiwa wakijaze kirudi kwako, na karibu kila mahali kinabaki kitupu. Nenda kwa mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, uwe na nakala yako mkononi, mwombe mrejesho. Mlinzi sawa, lakini hii unaistahili kwa mlango wa mbele.

nesi_wa_barabarani

Nimechelewa kurudi, tulikuwa na wiki ngumu. Nimesoma yote, ya mke_wa_zamu nimeyasoma mara nyingi zaidi. Mama nimemwambia namba. Jana niliporudi nikasema nne, akanyamaza, alafu akanipikia uji wa ulezi kama nilivyokuwa mdogo naumwa.

Juzi nilipeleka mgonjwa wa kifafa cha mimba, tukamwahi, na baada ya kumkabidhi sikugeuza gari. Nilienda wodi ya wazazi na nakala ya rufaa ya mwezi wa tatu. Mkunga mkuu ni mama mtu mzima, aliisoma, akaniangalia mikono, akaniuliza ni wewe? Akafungua lile daftari kubwa la wodi akashuka na kidole. Aliongezewa damu chupa 5. Alifanyiwa upasuaji, kizazi kilitolewa. Aliruhusiwa siku ya 12, na mtoto, uzito kilo 3.1. Mkunga akasema yule mama alikuwa akiulizia nesi wa kwenye gari na wao hawakuwa na jina langu.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi pale nje nikalia mpaka kaka dereva akaja kuniuliza kama mgonjwa wetu kafariki.

Wa kondakta niliuliza pia, wodi ya majeruhi. Hakupita usiku ule. Na huyo nimemwandika kwenye kijitabu, EMT asante, nimeandika kamba ilikatika kwa sababu alikuwa bado ana nguvu ya kushika. Wa mtoto wa moto sijauliza bado. Nitauliza, ila sio mwezi huu.

Kuhama nimeomba nisijibu kwanza. Nimeomba likizo ya siku 28 ambayo sijawahi kuichukua tangu niajiriwe, nikirudi ndo nitasema. mtu wa chumba namba 9, ukiona ambulensi nyeupe inapita kwetu huku angalia tu dirishani, nitakupungia.

Mzee wa Usukani

Alhamdulillah. Nenda likizo mdogo wangu, barabara itakuwepo.

Nikuombe jambo moja kabla hujaondoka. Huyo kaka yako dereva aliyezima king'ora tembo wapite, naye alikuwemo njia nzima na mtoto analia pembeni yake. Mpelekee habari ya yule mama, umsomee na kilo za mtoto. Alafu muulize na yeye analalaje.